Cheche Haionekani Juani

Mashine ya Shaame ni ile kumi na tano ya zamani,
rangi ya buluu imebaki nyuma ya mpini tu,
pale mkono wake ulipokuwa haufiki.
Leo, bandarini Wete, imekataa.

Abiria wa Fundo wameshakaa:
mwalimu Mbwana na boksi lake la chaki,
Bi Mkasi na jogoo aliyefungwa miguu kwa ukili,
kijana mmoja na bati nne za paa
anazozikalia ili zisipae.
Nimevuta kamba mara kumi na moja.
Ya kumi na mbili jogoo akawika.
Watu wakacheka. Mie sikucheka.

Mafuta yapo. Nimeminya puto, limejaa, limekuwa gumu,
nimenusa, petroli imefika kooni mwa kabureta.
Basi ni moto.
Chakula kipo mezani,
hakuna aliyewasha taa.

Nafungua plagi. Nyeusi, imelowa,
kama ulimi wa mtoto aliyetoka kuiba zambarau.
Naipangusa kwa shati, naisugua kwa msasa,
napima mwanya kwa ukucha,
wa kidole gumba, si mwengine,
ndivyo alivyonifunza Shaame.
Naichomeka kwenye kofia yake, nailaza ubavuni mwa chuma,
navuta.
Sioni kitu.
Navuta tena. Jua la saa sita linaniona mie,
mie sioni kitu.

"Juani hutaiona," anasema Bi Mkasi.
"Hata jiko langu la gesi, mchana silijui kama limewaka
mpaka liniunguze."
Anavua kanga ya mabegani,
anatufunika, mie na mashine,
kama anayetaka kutufukiza.

Mle ndani giza lina rangi ya chungwa.
Harufu ya petroli, ya mkaa, ya asumini kidogo.
Jina la kanga nalisoma kinyumenyume:
HATA UKINUNA NIPO.
Nashika waya vibaya. Navuta.
Unanipiga mpaka kwenye jino!
Natoa tusi. Nje, mwalimu anakohoa.

Lakini tusi halijaisha mdomoni nishaelewa:
moto upo.
Kiwiko changu kilikuwa kimesukuma waya mweusi.
Nakiondoa, navuta: giza.
Nakirudisha, navuta:
cheche, buluu, nyembamba,
na mlio mdogo, kama mtu anayevunja ukucha wa kaa kwa meno.

Ni waya wa kuzimia.
Kazi yake duniani ni moja, kuiambia mashine nyamaza.
Umechubuka unapopita chini ya bano,
shaba imegusa chuma,
na tangu alfajiri unanong'ona: nyamaza, nyamaza,
hata swichi haijaguswa.

Na hapo kwenye jeraha pana bendeji kuukuu,
tepu iliyokauka, ikazungushiwa mshipi wa kuvulia,
na fundo la Shaame, lile la kurudi mara mbili.
Kumbe aliuona. Kumbe aliufunga
kabla hajanikabidhi, kabla hajapanda ndege ya Maskati,
kabla sijawaambia watu barazani
kwamba ndugu yangu kaniuzia maiti kwa bei ya mzima.
Mwaka wa tatu huu hatusemezani.

Sina tepu. Yule kijana anafungua bati moja,
ananipa ukanda wa mpira wa baiskeli.
Nafunga juu ya fundo lake.
Sikulifungua. Sijui kwa nini.

Mvuto wa kwanza, ikapiga chafya.
Wa pili, moshi ukamfunika mwalimu na chaki zake.
Jogoo akanyamaza.
Bi Mkasi akaiangalia kanga yake, grisi tupu,
doa zima juu ya NIPO.
"Utanilipa," akasema.
Nikamwambia nitalipa.

Njia nzima ile bati iliyofunguliwa ilipiga kelele,
hakuna aliyeweza kuzungumza.
Nilishika mpini, nikihesabu saa.
Maskati wametutangulia saa moja tu.
Atakuwa ameshakula.